Kidumu cha Njano

Kwa miaka miwili gari kuukuu la Bi Asumini lilikuwa likichemsha kila likifika katikati ya mlima, na kila mara Shomari, fundi mstaafu mwenye nyumba pale, alimpa maji kwenye kidumu chake cha njano. Asubuhi hii aliamua kuosha rejeta yenyewe.

Injini ilipokwisha kupoa, alifungua kizibo cha chini, maji yakatoka mekundu kama chai ya rangi. Akatia mengine, akawasha injini, akaiacha ipoe, akamwaga tena. Mara ya nne yakatoka safi. Akajaza kulanti, dawa ya kijani ya kupozea injini, polepole mpaka mapovu yakaisha.

"Halitachemsha tena," alisema, akifuta mikono ambayo ilikwisha kukauka. "Huna haja ya kusimama hapa. Kidumu unaweza kukiacha."

Bi Asumini alikitoa kwenye buti, akakitikisa. Kilikuwa kikavu.

"Nirudishe chombo cha mtu kitupu? Mama yangu hakunilea hivyo. Nitakileta Ijumaa, kina juisi ya ukwaju."

Akakirudisha kwenye buti, akaondoka. Shomari alikisikiliza kikigongagonga mlima mzima, kisha akaingia ndani kutafuta kiti cha pili.