Joto la Kukisia

Kaanaeli alianza na namba tano, kama wanavyoanza wote wanaopima joto la volkano. Mlinganyo wa mnururisho, yaani wa mwanga unaotolewa na kitu chenye joto, hautatuliki moja kwa moja: unakisia namba, unaiingiza, jibu unalirudisha tena ndani mpaka litulie. Hapo ndipo unajua joto la mwamba ambao droni imeupima kwa mbali.

Kwa tano, mwamba wa kreta ya Mlima Meru, volkano iliyolala, ulikuwa na joto lisilostahili kuwapo. Aliomba kosa liwe kwenye kukisia kwake.

Akarudia. Namba ikashuka, joto likapanda. Akarudia tena. Likapanda kiduchu, kisha likatulia palepale. Chai yake ya maziwa ilikuwa imeshaweka utando.

Simu ikaita. Mama yake, kutoka shambani kwenye mteremko wa mlima huohuo.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mungu ni mwema. Wiki hii tunaoga bila kuwasha kuni, maji ya chemchemi yanatoka na moto wake.”

Kaanaeli alikitazama kioo cha kompyuta. “Mama, uko wapi sasa hivi?”

“Si niko hapahapa chemchemini, nimetumbukiza miguu.” Mama akaguna. “Ila naona yanaanza kuniunguza.”