Maji ya Bwana Shebe

Siku ya posa, Bi Mwanakheri, mama wa binti anayeposwa, alimwandalia Bwana Shebe, baba wa muoaji, maji ya chemchemi ya chupa yaliyotoka kiwandani kwa mgeni huyo mwenyewe, ili kumpa heshima. Bwana Shebe akaisogeza chupa pembeni kwa kidole kimoja.

“Mkwe, hamna ya kuchemsha?”

Bi Mwanakheri akamtazama kuanzia kofia hadi viatu, kama mtu anayetazama samaki aliyevunda. Mji mzima uliyanywa maji hayo. Hata wagonjwa walipelekewa hayo hayo hospitalini.

“Yapo,” akasema. Kisha akafungua chupa, akammiminia glasi pomoni. “Lakini kwangu hapa, posa haijibiwi mpaka mgeni anywe alichoandaliwa.”

Glasi ikafika mdomoni. Mdomo haukufunguka.