Kuvu Shimoni

Jebet alipofunua nailoni, mvuke wa moto ulimpiga usoni. Mahindi aliyokuwa ameyakatakata na kuyashindilia shimoni, ili ng'ombe wapate kula hadi mvua ya Aprili, yalikuwa yamefunikwa na kuvu ya kijani.

Alichimba kwa mikono, akazama mpaka viwiko. Hata huko chini yalikuwa yameoza.

"Usiwape, Mama," daktari wa mifugo alimwambia kwa simu kutoka Eldoret. "Sumu ya kuvu hiyo inapita mpaka kwa maziwa."

Maziwa hayo ndiyo yaliyokuwa yakimlea mjukuu wake tangu binti yake azikwe.

Nyasi ilikuwa imekwisha Moiben nzima. Ng'ombe wake watatu, siku ya pili bila kula, walikuwa wakiguguna mbao za zizi. Ng'ambo ya ua, shemeji yake alikuwa akinyunyizia majani yake ya nepia maji ya kisima.

"Shemeji, hata wilbaro moja tu!"

"Na ng'ombe zangu zitakula nini?" alijibu bila kuacha mpira wa maji.

Jebet alijipangusa mikono kwenye leso, akafungua zizi, akaikumbatia nguzo ya ua.

"Jebet! Usithubutu!"

Akaing'oa. Ng'ombe hawakungoja ang'oe ya pili.