Geti la Rukia

Shomari alimkuta shemeji yake, Bi Tatu, amesimama uani akimtazama binti yake Rukia akifunga geti jipya la nyumba. Rukia alikuwa amelichomelea mwenyewe, jioni baada ya jioni akitoka kazini, na sasa alitaka kuacha ofisi awe fundi.

"Shemeji, mkanye mwanao," alisema Shomari. "Miaka minane ofisini, leo akashike moto? Na hilo geti lenyewe litaanguka mvua ya kwanza tu."

Rukia aliinamisha kichwa. Bi Tatu, mama mnene mwenye magoti mabovu, alivua kandambili, akakaza kanga kiunoni, akapanda kwenye geti na kuning'inia kwa uzito wake wote.

"Mama, utaumia!"

"Lisukume."

"Mama…"

"Si umelitengeneza wewe? Lisukume!"

Rukia akasukuma. Geti lilifunguka bila kelele, likambeba mama yake hadi barabarani, majirani wakasimama kutazama.

"Njoo upande na wewe, shemeji," aliita Bi Tatu, bado ameng'ang'ania. "Nafasi ipo."

Shomari alisogea, akaweka kiganja juu ya chuma kilichopata joto la jua, na hakukiondoa.