Alichompa Mwanawe

Daktari alimweleza Bi Mashavu taratibu. Virusi vya homa ya ini alivyokuwa navyo mwanawe Shekue vilitoka kwake, siku alipomzaa. Kwake yeye vilikaa kimya miaka yote. Ndani ya Shekue vilibadilika, vikawa vya aina inayoleta saratani mapema, na sasa ini halikuwa na tiba tena.

"Mbona mimi siumwi?"

"Vyake havifanani tena na vyako, mama."

Alirudi wodini, akaketi kando ya kitanda, akaanza kumenya chungwa. Shekue alimtazama kwa macho yaliyogeuka manjano.

"Wamesema nimeutoa wapi ugonjwa huu, mama?"

Kisu kilisimama. "Hawajui, mwanangu."

"Basi mwambie Mwantumu akapime. Kama nimemwambukiza mke wangu, na mimba ile, sitajisamehe."

Aligeukia ukutani. Bi Mashavu alimwita kwa jina, mara moja. Alibaki ameshika kipande cha chungwa, maji yake yakimchuruzika mkononi mpaka kwenye kiwiko.