Siku Nne Mgongoni

"Tatu?" mwenyekiti aliuliza. "Tatu kati ya kumi?"

"Tatu," alisema mtunza nyaraka, akafunika kalamu yake.

Majaji walikuwa watatu katika chumba kidogo cha kituo cha televisheni. Mapazia yalikuwa yamefungwa, na kwenye skrini ilisimamishwa sura ya mwanamke wa makamo mwenye tabasamu. Shindano lilihusu vipindi vya makala juu ya maisha ya raia wakati wa vita, na mfululizo huu ndio uliokuwa ukiongoza. Mwenyekiti, mtangazaji mstaafu, aliupa tisa. Mhariri wa picha aliupa tisa huku akipenga kamasi. Tatu moja ilitosha kuutupa nje.

"Mama Ushahidi, huyu mama wa watu amekukosea nini?" mhariri alitania.

"Hajanikosea. Hana ushahidi."

Mwanamke kwenye skrini alikuwa dada wa mtunza nyaraka. Walifuatana ziwa: vita vilipoingia mjini kwao, mmoja alikuwa na miaka kumi, mwingine tisa. Wenzake hawakujua. Majaji walitia saini kwamba hawana ndugu katika shindano kabla ya kutazama lolote. Kisha, wiki iliyopita, katika sehemu ya tatu, dada akatokea kwa jina la mumewe. Kanuni zilimtaka jaji ajitoe. Alibaki.

"Nilimbeba mdogo wangu mgongoni siku nne," dada alisema mbele ya kamera. "Na alivyokuwa mzito!" Kisha akacheka, na kila aliyemtazama akampenda.

Kwa mtunza nyaraka huo ulikuwa wizi. Yeye, mdogo, ndiye aliyembeba mkubwa. Yeye ndiye aliyekuwa na mwili. Dada alikuwa kama njiti ya kiberiti.

Dada alitangulia kupewa kila kitu. Nguo zilinunuliwa kwa kipimo chake, mdogo akazirithi zimepauka. Wageni walimsalimu kwanza. Alijaliwa sura, akajaliwa mume daktari. Na kujishaua, usiseme: hata harusini, joto likiwachoma wenzake, alivaa viatu vya kufunika vidole, eti vidole vyake ni vibaya. Mdogo alivaa makubadhi mwaka mzima na hakuna aliyeitazama miguu yake.

Kitu kimoja tu kilikuwa chake peke yake, na hakuwahi kumsimulia mtu: zile siku nne. Alizikumbuka kama mtunza nyaraka. Jasho lililogandanisha kifua na mgongo. Matuta ya nywele kisogoni mwa dada yake, mistari sita, wa mwisho umefumuka. Dada, katika kipindi, hakukumbuka hata walipolala.

Juzi dada alikuwa amempigia simu.

"Makala yetu imeingia kwenye mashindano, mdogo wangu."

"Yenu."

"Yetu. Niliwakataza tu wasikutaje, watu wasije wakakusumbua kwa maswali. Haya, siku njema, mpenzi."

Mwizi gani huyu, anayekuibia kisha anakutakia siku njema?

"Kanuni ya saba," sasa mtunza nyaraka aliwaambia wenzake. "Simulizi kuu isiyo na hati haizidi alama tatu. Waulizeni watayarishaji. Hawana."

"Na wakiwa nayo?" mwenyekiti aliuliza.

"Nitafuta tatu na kuandika kumi, kwa mkono wangu."

Mwenyekiti alipiga simu. Dakika ishirini hazikuisha, printa ikatoa karatasi moja: nakala ya ukurasa wa daftari la zahanati, kambi ya wakimbizi, mwaka ule ule.

Mtunza nyaraka aliipokea kabla ya wote. Kazini alikuwa na utaratibu wake: uhalali kwanza, yaliyomo baadaye. Alikagua muhuri. Alikagua tarehe, namba ya ukurasa, wino wa muuguzi ulivyofifia sawasawa toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

"Hati ni halisi," alisema. "Hilo siwezi kulipinga. Soma, tusikie kama inasema lolote."

Mwenyekiti alivaa miwani, akasoma kwa sauti yake ya taarifa ya habari.

"Ndugu wawili, wasichana. Mkubwa, miaka kumi: nyayo zimechanika, kucha sita zimeng'oka, vidole vimeoza. Mdogo, miaka tisa: homa kali tangu siku ya kwanza ya safari, ameweweseka njia nzima. Nyayo safi, hazina hata mchubuko."

"Haya, Mama Ushahidi," mhariri alisema, akimsukumia kalamu.

Hakuiona. Alikuwa akiirudisha miguu yake, ndani ya makubadhi, chini ya kiti.