Kopo Halipiti

Mzee Sufiani aliegemeza simu kitini ili binti yake Mwanahawa, aliyeko mji wa mbali, akikague kitanda alichomtengenezea mjukuu ambaye hajawahi kumwona. Binti alishasema: kitanda kikiwa salama, mtoto ataletwa.

“Mto wa nini, baba? Na hilo blanketi? Hicho ni kitanda au gulio la mitumba?”

“Wewe ulilalia mito mitatu, na ona unavyonisumbua leo!” Lakini akavitoa vyote, likabaki godoro na shuka moja iliyokazwa kama ngozi ya ngoma.

“Na nafasi kati ya fito?”

Akachukua kopo la soda, akalisukuma kati ya fito. Halikupita. Akajaribu kwingine, likagoma vilevile. Fito hizo alizing'oa na kuzipigilia upya mara mbili, na dole gumba lake lililovimba ni shahidi.

“Kopo halipiti, mama. Kichwa kitapitaje?”

“Basi ni salama, baba. Hongera, fundi.”

“Kwa hiyo Jumamosi mnakuja?”

Mwanahawa akatazama pembeni. “Tutaona, baba. Mwezi huu mambo ni mengi.”

“Hata mwezi ujao, kitanda hakiozi!” Mzee akacheka, akaendelea kucheka hata simu ilipokwisha kukatika.

Akaenda kunawa vumbi la mbao. Aliporudi, paka wa jirani alikuwa amejikunja katikati ya shuka, usingizi umemkolea. Mzee akainua mkono amfukuze. Mkono ukabaki juu; angalau kitanda kilikuwa kimepata wa kukilalia.